Gari linapaki masika yote Kigoma, tairi nizitunzeje zisife?

DagaaWaKalya

Wakuu habari zenu, na wa kwetu mwakeye. Naombeni msaada kwenye hili maana huku mtaani kila ninayemuuliza ananipa lake na mengine yanapingana kabisa.

Nina Hilux ya dizeli, kazi yake ni kushuka Buhingu mpaka Kalya kuchukua dagaa na samaki wa chumvi naleta mjini. Sasa mnaoijua ile njia ya Simbo Ilagala kwenda chini kule mnajua masika inakuwaje, mvua zikishakolea mwezi wa kumi na moja mimi gari sipeleki tena, mzigo unapita ziwani kwa boti mpaka mvua zikate mwezi wa tano huko. Kwa hiyo gari linabaki uani Gungu miezi yote hiyo na mimi muda mwingi sipo, niko kwenye mialo kule samaki wanakoshushwa, nyumbani anabaki mke wangu na kijana wa kazi.

Kilichonishtua ni Noah ya jirani. Mwenyewe alihamishwa kikazi akaliacha palepale kwenye nyasi, juzi kaja kulichukua tairi mbili zimelala chini rimu inakaribia kugusa ardhi, halafu ubavuni zote zina nyufa, sio vile vinyufa vya kutafuta kwa tochi, ukucha unaingia. Na kashata, yale meno ya tairi, bado zipo kabisa! Yaani tairi halijaisha ila limekufa. Akajaza upepo hivyohivyo akashuka nalo Mwanga hapahapa mjini, anasema usukani ulikuwa unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, mwisho wa siku kanunua tairi nne mpya.

Sasa mimi sitaki yanikute hayo, tairi za pikapu zinajulikana bei zake. Kuna anayeniambia toa upepo kidogo tairi ipumzike, mwingine anasema jaza mpaka igome, mwingine anasema nyanyua gari lote uweke kwenye matofali, na kuna mzee mmoja kaniambia zipake mawese ndio dawa ya nyufa. Nani yuko sahihi hapo? Na hizo nyufa zinatoka wapi wakati gari lenyewe halitembei?

FundiPancha_Mwanga

Mkuu umeuliza jambo la maana sana, mimi kila mwezi wa tano na wa sita hapa kijiweni napokea tairi za hivyo na inauma maana nyingi zilikuwa bado na maisha.

Kwanza huyo aliyekwambia toa upepo usimsikilize kabisa. Gari likisimama uzito wote uko kwenye vile viganja vinne vya chini vinavyogusa ardhi, na upepo ukiwa mdogo ile sehemu inazidi kutandikika na ubavu unakunjika, ukiacha miezi mpira na nyuzi za ndani zinakariri lile umbo. Ndio ule mtetemo alioupata jirani yako, tairi limeweka ubapa upande mmoja, kila likizunguka linapiga palepale. Ubapa wa siku chache au wiki ukiendesha kilomita ishirini thelathini tairi likapata moto linarudi lenyewe, ila wa miezi na upepo chini mara nyingi ndio umeshakuwa wa kudumu hapo hata kubalansi hakusaidii.

Na ujue tairi linapoteza upepo hata kama halina pancha, ni kitu cha kawaida, PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 1 mpaka 2 kwa mwezi zinapita kwenye mpira wenyewe na kwenye vali. Sasa piga hesabu, umeacha 30 mwezi wa kumi na moja, ukirudi mwezi wa tano unaweza kukuta 20 au chini ya hapo na hakuna msumari wowote. Kwa hiyo kabla hujaondoka fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna kibandiko cha upepo wa gari lako, chukua ile namba uongeze kama 5 mpaka 7 hivi, lakini usivuke namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Hizo ni namba mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya, ya ubavuni ni ukomo wa tairi, ya mlangoni ndio ya kuendeshea. Huyo wa kujaza mpaka igome naye asikudanganye. Na upime asubuhi kabla jua halijapiga, tairi likiwa na joto geji inakudanganya.

Halafu wewe unabeba samaki wa chumvi eeh? Hapo kuna kitu watu hawakiangalii. Yale maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi yanaingia kwenye rimu za chuma, pale tairi linapokaa na rimu panashika kutu, kutu ikivimba inainua ule mdomo wa tairi kidogo tu, upepo unavuja polepole hujui unatoka wapi. Wabebaji wa chumvi ya Uvinza wananiletea kesi hiyohiyo kila siku. Osha gari lote kwa chini kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, rimu zioshe mbele na nyuma, toa kokoto na tope lote kwenye kashata, acha likauke juani siku nzima ndio ulipaki. Usipaki gari bichi.

Hilo la mawese nitakuja kulijibu, nina mteja hapa.

mtoto_wa_katubuka

Mkuu kwa nini usiliuze tu masika ununue lingine kiangazi 😀 natania, nafuatilia uzi huu na mimi nina Carina inalala.

MzeeKibirizi

Wanangu hamjambo. Mimi nimeendesha malori tangu enzi za Bedford, na gari lililokuwa linalala masika tulikuwa tunalinyanyua lote, tairi zinaning'inia, hazigusi chini kabisa. Tulikuwa tunaweka magogo chini ya ekseli mbele na nyuma. Msimu ukifunguka unashusha gari, unajaza upepo, unaondoka, hakuna kutetemeka wala nini. Huyo aliyekwambia unyanyue hakukosea. Sema matofali hapana, tofali letu la kuchoma likipata maji na uzito linamenyeka na kupasuka ghafla, na mtu akiwa chini ya gari siku hiyo ni msiba.

FundiPancha_Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Unachosema ni kweli na kina sababu, tairi za malori ya zamani zilikuwa za nyuzi za nailoni zilizopishana, zile zilikuwa zinaweka ubapa hata gari likilala usiku mmoja tu, asubuhi dereva anaanza safari linadunda mpaka lipate moto. Za sasa nyingi ni radio (radial), zina mkanda wa waya ndani, zinavumilia zaidi. Kwa hiyo kunyanyua bado ni njia nzuri kuliko zote kwa tairi ila sio lazima kama zamani.

Kwa Hilux ya mkuu hapo, kama anataka kunyanyua atumie stendi za chuma au magogo mapana, nyuma aweke chini ya ekseli karibu na tairi, mbele chini ya mkono wa wishiboni pale karibu na gurudumu, ili springi na bushi zibaki na uzito wake kama gari limesimama. Kuna wanaoweka jeki kwenye chasisi gari lote likaning'inia miguu inashuka chini kabisa miezi sita, pale umeokoa tairi ukaua raba za bushi na za shokapu. Na jeki yenyewe haibaki chini, jeki ni ya kunyanyulia tu, inashuka yenyewe polepole ukiiacha.

MzeeKibirizi

Marahaba mwanangu. Hapo umenena.

Dada_Isevya

Habari zenu, mimi niko Tabora naendesha basi dogo la wanafunzi, Coaster, shule zikifungwa gari linasimama hasa likizo ile ya Desemba ambayo huku ndio kifuku chenyewe, yaani masika, kwa hiyo hii mada inanihusu sana nawashukuru.

Kaka DagaaWaKalya niongeze mambo ambayo fundi hajagusa. Magogo na mbao huku kwetu na huko Kigoma najua ni hivyohivyo, mchwa! Ukiweka ubao wa paini chini ya tairi kwenye udongo mwezi wa kumi na moja ukirudi unakuta umebaki ganda, ndani udongo mtupu, ukikanyaga unazama. Sasa fikiria ndio gogo limebeba gari. Kama ni mbao tafuta mninga, tena ule wa katikati wenye rangi, sio ule mweupe wa pembeni, mweupe mchwa wanautafuna vizuri tu, na hata huo mninga mwambie mtu aukague kila mwezi. Bora zaidi ni vipande vya zege au jiwe bapa, juu yake unatandika kipande cha mkeka wa mpira au tairi kuukuu iliyokatwa, tairi yako inakaa pakavu. Kukaa kwenye nyasi mbichi na tope ndio kulikomuua huyo Noah nusu yake.

Na kivuli. Tabora miembe ipo kila kona kila mtu anapaki chini ya mwembe na kwa tairi ni jambo jema maana jua linakausha mpira, ila mwembe wenyewe msimu wa maembe unashusha matunda na utomvu rangi ya gari inaharibika na inzi wanajaa, mimi nikaacha, sasa napaki ukutani upande usiopigwa na jua la mchana halafu naegesha mabati chakavu mbele ya magurudumu. Vipande tu vya bati, kila gurudumu na chake. Turubai nalo nafunika juu lakini halifiki chini, nimeacha kama dhiraa moja wazi upepo upite, ukilifunga mpaka ardhini masika chini yake panakuwa na unyevu na joto na nyoka juu.

Kuhusu nyufa nilielezwa na fundi mmoja mzuri hapa na nikaja kusoma nikakuta ni kweli kabisa. Kwenye hewa kuna ozoni, ni kidogo lakini inakula mpira, tairi kiwandani linawekewa nta na kemikali za kuzuia hiyo ozoni, na zile kemikali zinatoka ndani kuja juu pale tairi linapozunguka na kukunjuka barabarani. Gari likisimama hazisukumwi kutoka, ngozi ya juu inabaki bila ulinzi, jua na ozoni vinaanza kazi, na pale ubavu ulipovimba kwa kukosa upepo mpira umevutwa kwa hiyo ndio panapasuka kwanza. Ndio maana gari linalotembea kila siku tairi zake zinaisha kashata na linalolala zinapasuka ubavu. Halafu ozoni inazidi karibu na mashine za kuchomelea na mota za umeme, kama jirani yako ana gereji ya kuchomelea mageti usipaki ukutani kwake.

DagaaWaKalya

Dada asante sana, hilo la ozoni ndio nalisikia leo na limenifungua macho, maana swali langu kubwa lilikuwa hilo, kwa nini zipasuke wakati gari limesimama. Na ni kweli upande wa nyuma wa ukuta wangu kuna kijana anachomelea madirisha kutwa nzima. Nitalihamishia upande wa jikoni.

Hilo la mchwa pia, huku Gungu wapo wa kutosha.

Fundi bado nasubiri la mawese, mzee wa watu ameshaniletea na chupa. Na nimeshauriwa pia nijaze gesi ya naitrojeni badala ya upepo, kuna mtu anasema haipungui.

FundiPancha_Mwanga

Nimerudi. Mawese yale kula na maharage mkuu, usipake kwenye tairi. Mafuta yoyote hayatibu ufa, yanauficha tu, unaona tairi jeusi linang'aa unadhani zima. Na mawese masika yanavuta panya, panya akishazoea pale hatua inayofuata ni nyaya za gari. Dizeli na oili chafu ndio mbaya zaidi, kuna madereva wanafutia tairi ili ing'ae, mafuta ya petroli yanaingia kwenye mpira yanaulainisha unavimba na zile kemikali alizosema dada yanaziyeyusha. Hakikisha hata chini pale unapopaki hakuna dimbwi la oili. Maji na sabuni basi, mambo ya kung'arisha acha mpaka utakapouza gari.

Naitrojeni haina ubaya ila hewa hii ya kawaida tunayojaza tayari karibu asilimia 78 ni naitrojeni. Inapungua polepole kidogo kuliko hewa kweli, ila haikuondolei kazi ya kupima. Hela yake nunua geji nzuri uiache nyumbani na pampu ya mguu, kijana akijua kuisoma geji ameshakuokolea tairi. Vifuniko vya vali navyo viwepo vyote vinne, vinazuia vumbi na maji visiingie kwenye sindano ya vali.

MhaWaUghaibuni

Mwakeye ndugu zangu, mimi ni wa Ujiji ila niko Leipzig huku Ujerumani miaka mingi sasa, uzi umenivutia maana huku kulaza gari na kulaza tairi ni sehemu ya maisha kabisa.

Huku wenye magari wengi wana seti mbili, tairi za kiangazi na tairi za baridi. Mpira wa tairi la kiangazi joto likishuka sana unaanza kuwa mgumu haushiki barabara vizuri, wa tairi la baridi umetengenezwa laini na una mipasuko midogo mingi kwenye kashata ya kushika theluji. Wenyewe wana msemo wao kwamba tairi za baridi zikae kwenye gari kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Seti inayotoka inaenda kulala miezi sita, asiye na nafasi nyumbani anaipeleka gereji wanamtunzia kwa malipo, wanaita hoteli ya tairi, na kweli inakuwa imepangwa kwenye rafu kama nguo. Kabla ya kulaza wanaosha, wanakausha, wanaandika kwa chaki kila tairi lilikuwa upande gani, wanaongeza upepo nusu bar ambayo ni kama PSI 7 kwa hiyo fundi uko sawa kabisa, halafu zinawekwa mahali pakavu pa giza na ubaridi, mbali na jua na mafuta. Zikiwa na rimu zinalazwa zimepandana au zinatundikwa, zisizo na rimu zinasimamishwa wima na kuzungushwa mara moja moja zisikariri upande.

Na kuna wenye magari ambayo usajili wake wenyewe ni wa msimu, namba ya gari pembeni imeandikwa mwezi wa kuanza na mwezi wa kuishia, kwa mfano 04 na 10, nje ya hapo hairuhusiwi hata kupaki barabara ya umma. Hayo ndio kesi yako hasa kaka, ila kinyume, wao wanalaza kwa theluji wewe kwa tope. Wanaweka chini ya kila tairi kitu kama mto wenye bonde, tairi linakaa ndani ya lile bonde uzito unatawanyika eneo kubwa badala ya kulalia sehemu moja bapa.

Sema kuna tofauti moja msiichukulie poa. Gari huku linalala kwenye baridi na giza, na baridi inachelewesha mpira kuzeeka. Huko nyumbani linalala kwenye joto, na joto linauzeesha mpira haraka. Kwa hiyo kivuli alichosema dada wa Tabora, kwenu ndio namba moja.

DagaaWaKalya

Kaka wa Leipzig nashukuru, nisalimie na baridi. Hiyo mito yenye bonde fundi seremala si anaweza kunichongea kwa mninga?

FundiPancha_Mwanga

Anaweza lakini bonde lisipolingana na duara la tairi lako kingo zake zinabonyeza mpira unatengeneza tatizo jipya. Kwako wewe naona njia rahisi ni hii. Una kijana nyumbani. Kabla hujaondoka chora mstari wa chaki ubavuni kila tairi, ulionyooka kwenda chini pale linapogusa ardhi. Kila baada ya wiki mbili tatu kijana atoe gari gia, wasukume na mwenzake gari lisogee robo mzunguko wa tairi, mstari uliokuwa umeelekea chini uje pembeni, ulale sambamba na ardhi, halafu wazibe na kabari. Safari nyingine wasogeze tena robo. Hivyo tairi halikariri upande hata mmoja na hujanyanyua kitu, hujaingia gharama ya stendi. Weka vipande vya zege virefu kidogo ili likisogea libaki palepale juu, lisishuke kwenye tope.

Ila sehemu iwe tambarare kabisa na kabari ziwe mbele na nyuma ya tairi kabla hajagusa gia, na watoto wasiwepo pale. Likiwa limelala usifunge handibreki, miezi ya unyevu ile brekishuu inagandiana na ngoma utakuja kulia, acha kwenye gia na kabari tu. Shusha na mizigo yote kwenye bodi, kama kuna magunia ya chumvi humo yatoe.

Dada_Isevya

Hilo la chaki nimelipenda, nalichukua. Kaka kabla hujahangaika na yote hayo angalia kwanza tairi zako zimetengenezwa lini, usije ukalea maiti. Ubavuni kuna maandishi yanaanza na DOT mwishoni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Wakati mwingine iko upande wa ndani inabidi uingie chini na tochi. Sisi tunaonunua tairi za mtumba ndio tunatakiwa kuangalia hii kuliko kitu chochote, muuzaji atakuonyesha kashata nene, ila umri hataji.

DagaaWaKalya

Nimetoka kuangalia sasa hivi, nguo zote vumbi. Mbele zote mbili 3421. Nyuma moja 0816 na nyingine 1116. Na hizo za nyuma kwa karibu nimeona kama nyuzinyuzi za ufa pale karibu na rimu, nikibonyeza kwa kidole zinafunguka kidogo.

FundiPancha_Mwanga

Basi jibu umelipata. Wiki ya 8 na ya 11 mwaka 2016 hizo. Viwanda vyenyewe vingi vinasema tairi likivuka miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi litoke hata kama kashata ni nzima. Hizo za nyuma zako zimeshachoka na wewe nyuma ndiko unakobeba mzigo, ukirudi mwezi wa tano ukaanza na tani ya dagaa njia ya Kalya na tairi lenye nyufa ubavuni, likipasuka porini kule unajua mwenyewe hakuna mtu. Mkuu hilo nakusihi, sikuambii kwa biashara.

Lakini usinunue mpya leo. Ukinunua sasa zinalala masika yote zinazeeka na wewe hujazitumia. Laza gari na hizohizo za nyuma, za mbele ndio zitunze kwa bidii, hela iweke pembeni, ukirudi nunua mbili mpya za nyuma siku unayotaka kuanza safari na uangalie tarehe yake dukani kabla hujalipa, mpya wa dukani naye anaweza kuwa amekaa rafu miaka.

MzeeKibirizi

Na spea mwanangu. Spea ya pikapu inaning'inia chini ya bodi, chumvi yote ya samaki inaishia kwake na hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya pancha. Itoe, ioshe, ilaze ndani kwenye giza.

DagaaWaKalya

Mzee wangu shikamoo, na kweli spea sijaigusa tangu ninunue gari, hata mnyororo wake sijui kama unashuka. Kesho nalifanyia kazi.

Swali la mwisho fundi, siku ya kurudi nalishusha vipi barabarani?

FundiPancha_Mwanga

Asubuhi tairi likiwa baridi rudisha upepo ile namba ya kibandiko cha mlangoni, usiondoke na ule wa kulalia, tairi gumu halishiki vizuri na linadunda. Zungusha kila moja uangalie ubavu wa nje na wa ndani, kama kuna uvimbe au ufa unaoonyesha nyuzi hilo haliendi popote. Jaribu breki palepale uani kwanza. Halafu tupu bila mzigo nenda nalo taratibu mpaka Kidahwe na kurudi, usivuke 60, tairi zipate moto. Mtetemo wa mwanzo usikuogopeshe, ukiisha njiani ulikuwa ubapa wa kulala. Usipoisha mpaka unarudi mjini pita hapa kijiweni tulipande kwenye mashine tuone ni tairi gani, kabla hujaenda kupakia.

mtoto_wa_katubuka

Carina yangu nayo nimekuta 4517 zote nne. Fundi nakuja kesho na mimi unisomee ubavu.